Sikio la Mbuzi wa Mama Talaso

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mume wangu mpendwa, Baba Imani,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto na mama. Kifua cha Baraka kimepona? Na magoti ya mama yanaendeleaje na baridi hiyo ya Molo? Mimi ni mzima. Sina homa, nakula, nguo zinanitosha. Ila nimechoka, mume wangu. Ni uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwa simu tunagombana. Siku niliyoshindwa kuja, uliniandikia neno moja tu: "Sawa." Ninaijua hiyo sawa yako. Ndiyo uliyomwambia jirani alipopanda viazi vyake ndani ya mpaka wetu, na hadi leo hamjaongea vizuri. Halafu Imani akachukua simu akaniuliza kama huku nimepata watoto wengine. Nilimwambia hapana, nikacheka, nikakata, nikaketi kitandani hadi giza likaingia. Sasa nataka nikueleze yote tangu mwanzo, bila mtandao kutukata katikati. Ukishamaliza kusoma, kama bado una hasira, nitaipokea.

Huwa unawaambia watu mke wako "anafanya kompyuta". Sikulaumu, hata mimi mwenyewe sina neno zuri la kuieleza kazi yangu. Mtu anakuja dukani akiwa na kitu kichwani ambacho hawezi kukisema. Anasema tu, "Nifanyie iwe nzuri." Namwuliza maswali: ni ya nani, itabandikwa wapi, atakayeiona atakuwa amesimama au anapita? Nachora kwa penseli nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya Mohamed. Nachora vibaya mara nyingi kabla sijafungua kompyuta. Mohamed ndiye mwenye mashine ya kuchapa, tunagawana duka. Yeye amezaliwa hapa hapa Isiolo, na watu humwamini kuliko wanavyoniamini mimi niliyekuja juzi.

Kazi zenyewe hazifanani. Familia moja ya Kisomali ilitaka kadi ya harusi yenye dhahabu kila mahali; nilipoacha nafasi nyeupe kidogo ili macho yapumue, mama wa bibi harusi aliniuliza kama wino uliisha. Kina mama wa Gotu wanaouza maziwa ya ngamia waliirudisha nembo yao mara nyingi, kwa kuwa ngamia niliyemchora alikuwa na shingo ya mnyama mwenye kiu, na nani atanunua maziwa ya ngamia mwenye kiu? Shule moja ilitaka tovuti, na mwalimu mkuu akataka picha yake kwenye kila ukurasa, hata ule wa choo kipya. Kisha kuna vijitabu vya mazishi. Watu wa mazishi hawangoji, nami siwezi kuwaambia wangoje. Natoka kwenye dhahabu ya harusi naingia kwenye picha ya marehemu, kabla ya chakula cha mchana, na natakiwa niingie kwa moyo mwingine. Hapo ndipo uchovu unapotoka. Watu wanadhani ni macho.

Sasa, mbuzi.

Mradi mmoja wa mifugo ulitaka bango la kuwaonya wafugaji kuhusu sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaoweza kumaliza zizi zima. Afisa wao aliyeniletea kazi ni Bwana Mwiti, kijana mstaarabu wa kutoka upande wa Meru. Alitaka picha ya mbuzi mgonjwa na maneno machache. Ningeweza kuchukua picha mtandaoni, mbuzi wa Ulaya mwenye manyoya kama blanketi. Lakini nilijiambia, hapana, mfugaji wa huku anataka kuona mbuzi anayefanana na wake. Nikaenda soko la mifugo na kamera.

Nilipiga picha nyingi. Mmoja nilimpenda, mweupe, amefungwa kwenye ua wa soko, ananitazama kama mwalimu anayengoja jibu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa nchani mfano wa mkia wa mbayuwayu, na chini yake limetolewa kipande kidogo. Sikuuliza ni kwa nini. Niliona sura tu. Nilirudi dukani nikampaka ugonjwa. Ndivyo tunavyofanya. Mbuzi mzima nilimfifisha macho kwa kompyuta, nikamtia makamasi, nikamchora vidonda mdomoni. Lile sikio nikalinoa likaonekana wazi zaidi, nikalileta mbele, maana niliona linaipa picha uhai. Bwana Mwiti alifurahi sana. Mabango yakachapwa, yakaenda Oldonyiro, Ngare Mara, Gotu, hadi Garbatulla. Nami nikasahau, maana nyuma ya kazi moja daima kuna nyingine.

Siku ile ya kuja nyumbani, begi langu lilikuwa tayari karibu na mlango wa duka. Nilikuwa namalizia kadi fulani ndipo nikimbilie gari. Akaingia mama mmoja mrefu, mtandio wake umejaa vumbi la njiani.

"Salaam aleikum," akasema.

"Aleikum salaam, mama. Karibu kiti."

Hakuketi. Alitoa bango kwenye kikapu chake, likiwa limekunjwa na bado lina chembe za ukuta nyuma, akalitandaza juu ya kadi zangu.

"Nani alifanya hii?"

Nilidhani ameleta kazi. "Ni mimi, mama," nikasema, tena kwa furaha.

Akaweka kidole kwenye sikio la yule mbuzi. "Hii sikio ni yangu."

Nilitabasamu, Baba Imani. Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Mama, hiyo ni picha tu."

"Picha ya nani?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi ya nani?"

Nikamwita Mohamed.

Mohamed alisikia akatoka kwenye mashine akipangusa wino mikononi. Walizungumza Kiborana kwa muda mrefu. Nilikuwa namtazama Mohamed usoni, nikaona uso ukibadilika kidogo kidogo. Kisha akanigeukia akanieleza. Kila boma hukata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake, ili wakichanganyika kisimani kila mtu ajue wake. Mkato ule ni wa boma la marehemu Guyo, mume wa mama huyu, na kabla yake ulikuwa wa baba yake Guyo. Kule Garbatulla hakuna mtu asiyeujua. Wanausoma kama wewe unavyosoma jina la mtu juu ya mlango wa duka.

"Na wewe hukuona?" nikamwuliza Mohamed. "Si wewe ndiye mwenyeji?"

"Mimi ni Mborana wa mjini," akasema. "Mbuzi naijua ikiwa kwa sahani."

Hakuna aliyecheka.

Mama Talaso, ndilo jina lake, aliendelea mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Karatasi ilikuja na gari ya serikali. Watu wakaangalia. Wakasema, ha, serikali imeandika mbuzi ya boma ya Guyo iko na ugonjwa. Kwanza sokoni walishusha bei. Halafu wakakataa kabisa. Sasa kisimani wananiambia, wewe ngoja, wote wanyweshe, wewe mwisho. Mbuzi yangu ni mzima. Hata moja haijakohoa."

Unaelewa maana yake katika jua hili. Huku hakuna nyasi. Mbuzi asiyeuzwa akiwa na nyama, kesho ni ngozi. Na anayenywesha mwisho anakuta matope. Yule mbuzi wa picha aliuzwa Isiolo na mnunuzi aliyemnunua kwake, mimi nikampiga picha nikienda zangu, na boma zima la mjane likawekwa alama ya ugonjwa kwa mkono wangu. Nami sikujua kama lipo duniani.

Nilimpigia Bwana Mwiti nikaiweka simu mezani sote tusikie.

"Ni sikio tu, Everlyne," akasema. "Tutalibadilisha tukichapisha tena."

"Lini?"

"Labda mwaka ujao wa bajeti. Nakushauri usilikuze hili jambo. Wakubwa wakisikia, hata ile kazi ya tovuti yetu uliyoahidiwa, sijui."

Simu ilipokatika Mama Talaso akaisukuma kando kwa kidole. "Huyo hana mbuzi," akasema.

Nikatazama begi langu. Ndani kulikuwa na viatu vya shule vya Imani na ile fulana ya Baraka yenye simba niliyoichora mwenyewe. Gari lilikuwa linajaza. Ningeweza kusema, mama, nenda, nitarudi baada ya likizo nilishughulikie. Maneno hayo yalifika hadi kwenye meno. Lakini alikuwa amesimama pale tu, hakuniomba chochote, wala hakulia, na mimi nikaona nikipanda gari nitakuwa nalala kando yako nikilifikiria sikio. Ndipo nikakuandikia kwamba nimepata dharura ya kazi. Najua ulivyoisoma. Ulidhani ni fedha, au wateja wakubwa. Ilikuwa ni huyu mama.

Tulianza papo hapo. Nilifikiri ni rahisi: nitachora mbuzi mwingine kwa mkono, masikio mazima, yasiyo ya mtu. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

"Hii ni ya mwizi."

"Kwa nini?"

"Mbuzi kubwa hivi, bado haina alama? Mtu ameiba ikiwa ndogo. Watu watauliza."

Nikachora mkato wa kubuni. Akasema unakaribia wa watu fulani wa Merti. Nikachora mwingine, huo akasema ni wa shemeji yake, akanikata jicho. Nikageuza mbuzi atazame kando, sikio moja lifichwe; akasema basi watabishana sikio lililofichwa ni la nani. Mohamed akaleta chai. Mama Talaso alikunywa akiwa ameketi sasa, ameshavua viatu, na mimi nikichora, nikifuta, nikichora. Sijawahi kuwa na mteja mgumu kama yeye, na sijawahi kuwa na mteja mwenye haki kama yeye.

Suluhisho lilikuja nikitafuta jambo lingine. Nilikuwa nimeikuza picha ya zamani ili nione vidonda vya mdomoni nilivichoraje. Kompyuta ikajaa mdomo na pua tu. Nikasita. Ugonjwa wenyewe unaonekana mdomoni. Kwa nini nilimweka mbuzi mzima? Kwa sababu alikuwa mzuri, basi. Nikakata picha pale pale, juu ya pua, macho yakabaki kidogo, masikio yakaenda nje ya karatasi.

Mama Talaso akainama, akaangalia kwa makini pande zote, kama anayetafuta mlango wa nyuma. "Hii," akasema mwishowe, "ni ya Mungu."

Mohamed alisema karatasi ni yake, mimi nitoe wino. Tukachapa. Kesho yake nikapanda lori la mifugo na Mama Talaso kwenda Garbatulla. Barabara ile ilinitikisa hadi nikahisi meno yamebadilishana nafasi. Tulifika nikiwa mweupe kwa vumbi kama unga, watoto wakanikimbia.

Kila tulipoliona bango la zamani, zahanatini, dukani, langoni mwa soko, tulibandika jipya juu yake. Nilidhani nikimaliza kubandika nitakuwa nimemaliza. Siku ya soko Mama Talaso akaleta mbuzi wake. Mnunuzi mmoja anayeitwa Dida, mtu mnene mwenye sauti, akaja akawapita kama vile hapana kitu pale.

"Dida, tazama bango jipya," Mama Talaso akamwambia.

"Nimeliona," akasema. "La kwanza lilikuwa na sikio. Sasa halina. Ulienda Isiolo ukalia, wakakufichia. Nani anaficha kitu ambacho hakiko?"

Watu waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Dawa yangu ilikuwa imegeuka ushahidi dhidi yake. Nilitaka kuketi chini pale kwenye samadi.

Badala yake nikafungua kompyuta ya mkononi niliyokuja nayo begini. Niliiweka juu ya gunia la mtu, nikaomba watu wanikinge jua kwa shuka zao ili kioo kionekane. Picha ya kompyuta hupangwa kwa tabaka, kama blanketi juu ya blanketi. Nikawaonyesha ya chini kabisa: mbuzi wa Mama Talaso siku ile Isiolo, mzima, ananitazama. "Huyu ndiye niliyempiga picha," nikasema. Nikaweka blanketi la kwanza: macho yakafifia. La pili: makamasi. La tatu: vidonda. Kisha nikatoa moja moja, mbuzi akapona.

Wakasogea karibu na kioo. Halafu mzee mmoja akasema, "Rudia." Nikarudia. Makamasi yakaja, yakaenda.

"Mambo ya kompyuta," Dida akasema. "Labda kupona ndiko umechora."

Sijui niliupata wapi ujasiri. Nilichukua simu nikampiga picha yeye mwenyewe, kabla hajafunga mdomo. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikavuta vile vidonda na makamasi ya mbuzi nikamwekea usoni. Ilikuwa kazi mbaya, ya haraka, makamasi yalielea juu ya masharubu. Lakini nilipogeuza kioo, soko lilipasuka kwa kicheko. Mama mmoja alishika kiuno cha mwenzake asianguke. Mtu akapaza sauti, "Dida, wewe kisimani ni wa mwisho!" Hata Mama Talaso alicheka, akafunika mdomo kwa mtandio. Dida alikasirika, akajitazama, akakasirika tena, kisha tumbo lake likaanza kutikisika.

"Nitoe huko," akaniambia. "Bibi yangu asione."

Nikamtoa. Akaenda akashika mbuzi wa Mama Talaso mmoja mmoja, akafungua midomo, akatazama meno. Alinunua. Si wote, na hakutoa bei ya zamani, lakini alinunua mbele ya watu, na hilo ndilo lililotakiwa.

Ningependa kukwambia iliishia hapo nikapanda gari nikaja. Lakini kulikuwa na mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hivyo ugonjwa pia ni ya kompyuta?"

Nilitazama pembeni nikamwona daktari wa mifugo wa pale, binti anaitwa Kabale, ameshika kichwa. Baadaye aliniambia bila kunificha: "Dada, umemwokoa mama mmoja, lakini wiki ijayo nachanja. Nani ataleta mbuzi sasa? Umewafundisha kwamba picha inadanganya."

Ilikuwa kweli. Niliposafisha hapa, nilimwaga pale. Nilikuwa nimeongeza siku moja, na simu yangu ilikuwa imezimika, na nilijua huko Molo mnanisubiri. Nikamwuliza Kabale kama anajua mahali penye mbuzi mgonjwa kweli. Alijua. Tulikwenda na pikipiki yake hadi boma moja nje ya mji. Mwenye boma, mtu mkimya, alituangalia kamera ikitoka. Kabale akamweleza. Akafikiri sana.

"Mdomo peke yake," akasema. "Sikio hapana. Rangi hapana. Jina yangu hapana."

"Mdomo peke yake," nikamwahidi.

Nilipiga magoti nikapiga picha. Mume wangu, nimepaka ugonjwa kwa kompyuta kwa vidole vilivyotulia, nikisikiliza redio, nikinywa chai. Sikuwa nimewahi kuukaribia. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, nzi kwenye macho. Vidonda havikuwa mahali nilipovichora. Na ile harufu haichoreki. Ilibidi Kabale anishike kiwiko ili kamera itulie. Mwenye boma alikuwa amesimama nyuma yetu, anawatazama wengine waliobaki zizini, nami sikuthubutu kumtazama usoni.

Nilirudi Isiolo, nikatengeneza bango la tatu kwa picha hiyo. Sikugusa kitu. Sikuongeza rangi wala kunoa. Maneno niliyapunguza hadi Kabale akasema yanatosha. Mohamed alichapa bila kuniuliza juu ya karatasi. Mabango yakaenda na lori. Kabale alinipigia siku ya chanjo: wengi walileta mbuzi, wachache hawakuleta, na yule mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alikuja wa kwanza, akasema huu mdomo ameshauona kwa macho kwa mjomba wake. Mama Talaso sasa hanyweshi mwisho. Hanyweshi wa kwanza pia. Yuko katikati, kama zamani, na aliniambia katikati panatosha.

Bwana Mwiti alipopata habari aliomba nimtumie lile bango, nikamtumia. Alinijibu asante. Ile kazi ya tovuti wamempa mtu wa Nairobi. Sikulia. Nilikuwa nimeichora tayari kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Nimezigeuza karatasi hizo, nachora nyuma yake kijitabu cha mazishi ya mwalimu mmoja.

Siku nilipoondoka kwake, Mama Talaso alinisindikiza hadi kwenye lori. Akaniuliza, "Watoto uko nao?"

"Wawili."

"Nani anaangalia?"

"Baba yao."

Alistaajabu, akaniangalia kama nimemwambia habari ya nchi nyingine. Kisha akasema, "Huyo ni mwanamume. Sasa kwa nini uko kwa lori yangu?"

Nilimjibu kitu cha kipumbavu, kwamba ni kazi. Njia nzima nilijiuliza swali hilo, na bado najiuliza. Sitaki uniambie niache kazi, najua hutaniambia. Ila nimezungumza na Mohamed. Kazi za tovuti na za kuchora naweza kuzifanya nikiwa Molo kwa nusu ya mwezi, nimtumie yeye achape. Hakupenda, lakini alikubali tujaribu. Nawe ukikubali, tutaona. Mtandao wa nyumbani ni mbaya, najua. Nitapanda kwenye kile kilima cha shule kama wanafunzi.

Msalimie mama, mwambie nimempatia dawa ya magoti kutoka kwa mwenye duka wa Kisomali, ya kuchua. Msalimie wifi Moraa, nimesikia ndiye aliyemshonea Imani sare, nina deni la shukrani kwake. Msalimie Mama Cheptoo anayempeleka Baraka shuleni. Mwambie simba wa fulana yuko njiani na hana vidonda mdomoni. Na mchungaji, mwambie kijitabu cha nyimbo nitakimaliza, asitafute mtu mwingine.

Nitapanda gari Alhamisi asubuhi. Waandae watoto. Waambie mama yao anakuja, amekonda kidogo, na si mkali. Nikifika nitawakumbatia, nitakula chochote kitakachokuwa kwenye sufuria, halafu nitalala. Wakitaka walale kando yangu, walale. Ila wewe kaa mlangoni, Baba Imani, na mtu yeyote akija kuuliza kama niko, hata akiwa na kazi nzuri namna gani, mwambie sipo.

Mkeo anayekupenda,
Everlyne